Daftari na Tasnifu: Juu ya Uchunguzi wa Wanachuo, kwa Mifano ya Kilosa

Ni desturi iliyokwisha kuota mizizi katika vyuo vikuu vyetu kwamba mwanachuo wa shahada ya kwanza, kabla hajamaliza masomo yake, hupewa kazi ya kufanya uchunguzi wake mwenyewe na kuuandikia tasnifu au ripoti. Desturi hii ni njema, wala sikusudii kuibeza. Lakini yatupasa tuulize swali ambalo twaliuliza kwa nadra: je, mwanachuo hujifunza nini katika kazi ile, na sisi tunaomtahini twajuaje kwamba amejifunza?

Maoni yangu ni kwamba twapima mahali pasipo penyewe. Twaipima tasnifu iliyokwisha kupigwa chapa na kujaladiwa, hali sehemu kubwa ya elimu ya uchunguzi hukaa katika daftari ambalo mwanachuo alilichukua safarini, na ambalo mtahini aghalabu halioni. Mifano yangu nitaitoa hasa katika nchi ya Kilosa, mkoani Morogoro. Nimeichagua Kilosa kwa sababu mbili. Kwanza, lugha zake ni shule nzuri kwa mchunguzi anayeanza. Pili, historia yake yaonyesha hasara ya maandishi ambayo wenye maneno hawakupata nafasi ya kuyasahihisha.

Kwanza tutazame wenzetu wamelishikaje jambo hili. Huko Marekani, Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts kilianzisha mwaka 1969 mpango maalumu wa kuwashirikisha wanachuo wa shahada ya kwanza katika uchunguzi pamoja na walimu wao. Mwanzilishi wake alikuwa Bibi Margaret MacVicar. Tangu hapo mipango ya namna hiyo imeenea katika vyuo vingi, na mengi yameandikwa juu ya faida zake. Mwaka 2015 Marcia Linn na wenzake walichapisha katika jarida la Science mapitio ya kazi 60 zilizozichunguza faida hizo. Waliona kwamba zaidi ya nusu ya kazi zile zilitegemea maelezo ya wanachuo wenyewe: mwanachuo aliulizwa kama amefaidika, naye akaeleza jinsi alivyofaidika.

Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Sidai kwamba wanachuo wale walisema uongo. Nasema kwamba mtu anayeianza kazi hana bado kipimo cha kuipimia. Yule asiyejua jinsi orodha ya maneno inavyopasa kukusanywa hawezi kujua kwamba orodha yake ni mbovu, na kwa hiyo ataridhika nayo. Bali yule aliyejifunza kweli ndiye atakayesema kwamba ana mashaka na maneno kadha wa kadha. Tukiwapima wote wawili kwa kuridhika kwao, twaweza kumpa wa kwanza alama za wa pili.

Lakini kwa nini twende mbali? Mwaka mmoja kabla ya mpango ule wa Massachusetts, yaani mwaka 1968, wanachuo wa historia wa Dar es Salaam walifanya kazi kubwa ambayo yastahili kuhesabiwa miongoni mwa mifano bora ya uchunguzi wa wanachuo popote duniani. Wakati huo chuo chetu kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Chini ya uongozi wa John Iliffe na G. C. K. Gwassa, wanachuo walikwenda katika sehemu zilizoguswa na Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, wakaketi na wazee, wakauliza, wakaandika. Karatasi zao zilikusanywa na chuo mwaka 1969. Mwaka huohuo wanachuo wawili, O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, walichapishiwa kitabu chao juu ya vita hivyo katika Ungoni.

Msomaji na afikiri maana ya tarehe hizo. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 vita vilipoanza alikuwa mzee wa miaka 73 mwanachuo alipobisha hodi mlangoni pake. Kama kazi ile ingengojea miaka 20 zaidi, wengi wa mashahidi wale wasingalikuwapo. Vijana waliokuwa bado hawajapata hata shahada ya kwanza waliokoa habari ambazo maprofesa wa baadaye wasingaliweza kuzipata. Karatasi zile zaendelea kutajwa na wanahistoria hadi leo. Hiyo ni sifa ambayo tasnifu zetu chache mno zaweza kudai.

Hata hivyo kazi ile haikosi kasoro. Swali kuu la wakati ule lilikuwa la umoja: ilikuwaje watu wa makabila mengi wakaungana kupigana na Wadachi? Lilikuwa swali la haki katika taifa lililokuwa limepata uhuru mwaka 1961. Tena Bwana Iliffe mwenyewe alikuwa amechapisha mwaka 1967 makala juu ya jinsi vita vile vilivyopangwa. Lakini swali lenye nguvu huvuta majibu upande wake. Wanahistoria waliokuja baadaye waliona mambo ambayo swali lile lilikuwa limeyafunika. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri alielekeza macho yetu kwenye njaa, nguruwe mwitu walioharibu mashamba, na matatizo ya nyumba za wakulima. Mwaka 1998 Jamie Monson aliandika juu ya siasa za mapatano na mamlaka za wenyeji katika nyanda za juu za kusini. Mwaka 2010 Bibi Monson pamoja na James Giblin walihariri kitabu kizima ambacho kilivirudisha vita vile katika mahali pake mbalimbali, kila mahali na sababu zake.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Je, tuseme kwamba wanachuo wa 1968 walijifunza vibaya kwa kuwa hitimisho lao limetiwa ila? La, hasha. Hitimisho la mchunguzi yeyote hutiwa ila akiisha kupita. Jambo la kupima ni kama alituachia maneno ya wasimulizi katika hali ambayo mwingine aweza kuyarudia, akayasoma kwa jicho jingine, akaona lile ambalo mwandishi wake hakuliona. Alipofanya hivyo, alikuwa mchunguzi. Aliposhindwa, alikuwa mwandishi wa insha tu, hata kama insha yake ilikuwa nzuri.

Kwa kipimo hicho, kasoro ninayoiona mimi, nikiwa mtu wa isimu, ni ya lugha. Kitabu cha Mapunda na Mpangara kiliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi ya chuo, na maneno ya wazee wa Ungoni yamemfikia msomaji yakiwa yamevikwa nguo ya kigeni. Tafsiri yaweza kuwa sahihi kabisa, lakini haiwezi kuulizwa tena. Chukua neno hongo. Katika Kiswahili cha leo hongo ni rushwa. Katika karne ya 19 lilikuwa jina la ada ambayo misafara ililipa kwa watawala wa nchi ilizozipita, na njia kuu kutoka pwani kwenda Ugogo ilipita katika Usagara, yaani katika nchi ya Kilosa hiihii. Kisha katika habari za Maji Maji, Hongo ni jina la pepo aliyempagaa Kinjikitile huko Ngarambe, na wajumbe waliosambaza dawa ya maji waliitwa kwa jina hilo pia. Mwanachuo aliyeliandika neno lenyewe, kama lilivyotoka kinywani mwa mzee, ametuwekea akiba. Aliyeandika maana moja tu kwa Kiingereza ametufungia mlango.

Sasa na tuingie Kilosa. Vita vya Maji Maji vilifika huko pia, lakini kabla yake kulikuwa na jambo jingine ambalo kila mtoto wa shule Tanzania amesimuliwa. Mnamo Novemba 1884 Carl Peters alifika Msovero katika Usagara, akapata alama ya mkono wa Mangungo juu ya karatasi iliyosema kwamba Mangungo ametoa nchi yake. Karatasi ile iliandikwa kwa Kijerumani. Mangungo hakuweza kuisoma, wala hakuweza kusema, "Hapa umeandika ambalo sikulisema." Simlinganishi mwanachuo na Carl Peters, nia zao ni mbali kama mbingu na ardhi. Lakini umbo la jambo ni lilelile: mgeni aja na karatasi, mwenyeji asema, mgeni aandika kwa lugha ya mbali, karatasi yaondoka na hairudi. Yamkini hakuna mahali katika nchi yetu ambapo mwanachuo anapaswa kulikumbuka jambo hilo kuliko Kilosa.

Kilosa ni nchi ya lugha kadha zinazopakana: Kikaguru, Kisagara na Kividunda, na majirani zao Kigogo, Kiluguru na Kinguu. Malcolm Guthrie aliziweka zote katika kundi la G la lugha za Kibantu. Reli ya Kati na mashamba ya mkonge ya Kimamba yaliwaleta watu wa makabila mengi, hata Kiswahili kikapata nguvu kubwa. Kwa hiyo mchunguzi akienda huko hakuti lugha moja imekaa peke yake kama kitu cha makumbusho; akuta watu ambao husema lugha mbili au tatu kwa siku, nao hubadilisha kutoka moja kwenda nyingine bila ya kutangaza.

Hata majina ya lugha hizo ni somo. J. T. Last, mmisionari aliyeishi Mamboya, alichapisha sarufi mwaka 1886 na kuiita lugha ile Kikaguru, kwa herufi r. Malin Petzell alichapisha sarufi nyingine mwaka 2008 na kutumia jina Kagulu, kwa herufi l. Wenyewe husema Chikagulu. Vivyo hivyo lugha ambayo Kiswahili huiita Kividunda, wenyewe huiita Chividunda. Karsten Legère aliandika juu yake makala iliyotoka mwaka 2007, akiuliza kama lugha hiyo imo katika hatari ya kutoweka. Basi mwanachuo anayeandika "Kikaguru" juu ya jalada la tasnifu yake amekwisha kufanya uamuzi wa kiisimu kabla ya ukurasa wa kwanza. Ki- si chi-, na r si l. Hana kosa kutumia jina la Kiswahili katika maandishi ya Kiswahili. Kosa ni kutojua kwamba amechagua.

Sasa tumfikirie mwanachuo aliyekwenda Kidodi au Vidunda akiwa na orodha ya maneno ya kuuliza. Orodha za namna hiyo zina asili yake. Ile ya Morris Swadesh ya mwaka 1952, ambayo imezaa nyingine nyingi, ilikuwa na maneno ya theluji na barafu. Tena ilitungwa kwa lugha ambayo hutenga kiganja na mkono mzima kwa maneno mawili ya kila siku, hali Kiswahili husema mkono kwa vyote viwili. Mwanachuo amwuliza mzee, "Mkono mwasemaje?" Mzee ajibu. Swali la pili lamtaka aulize tena mkono, kwa maana nyingine. Hapo mzee amtazama kijana kwa huruma.

Katika dakika ile kuna elimu nyingi kuliko katika sura nzima ya nadharia. Mwanachuo mmoja atarudia neno lilelile katika nafasi zote mbili na kuendelea mbele. Mwingine atasita. Atajionyesha kidole, kiganja, kisigino cha mkono, bega, akiuliza jina la kila kimoja, na atagundua kwamba orodha ile ilikuwa ikimwuliza mzee maswali ya lugha nyingine. Wa pili amejifunza kwamba swali nalo lapaswa kuchunguzwa. Lakini tasnifu za hao wawili zaweza kufanana kabisa, maana zote mbili zitasema kwamba "data zilikusanywa kwa kutumia orodha ya maneno."

Kuna jambo jingine la adabu. Kijana akimwamkia mzee shikamoo na kumwuliza kwa Kiswahili, mzee mwema hutaka aeleweke. Aghalabu atatoa neno ambalo ladhaniwa litamfaa mgeni, yaani neno lililo karibu na Kiswahili, na kuliacha lile la zamani ambalo lingehitaji maelezo marefu. Mwanachuo akiandika neno la kwanza tu, atarudi chuoni na kusema kwamba lugha ile imemezwa na Kiswahili, kumbe alichokipima ni ukarimu wa mzee. Lazima akae, asikilize watu wakisemezana wao kwa wao, kisha aulize tena siku ya pili. Majibu mawili yakipingana, asiyafute. Ayaandike yote mawili pamoja na tarehe na jina la mahali.

Wako watakaosema kwamba mwanachuo mzaliwa wa Kilosa hana haja ya tahadhari hizi, kwa kuwa lugha ni yake. Mimi naona ana hatari yake mwenyewe: hujijibu badala ya kuuliza. Lugha aliyoipata kwa mama yake huichukua kuwa ndiyo lugha ya wote, na mzee wa kijiji cha pili akisema vingine humsahihisha. Naye pia apaswa kuonyesha katika daftari ni maneno gani yametoka kwake na yapi yametoka kwa wengine.

Basi twawapimaje wanachuo hawa? Tukitazama tasnifu nyingi za lugha katika vyuo vyetu, twakuta mpango mmoja: usuli wa tatizo, tamko la tatizo, malengo, mapitio ya maandishi, nadharia, mbinu, uchambuzi, hitimisho na mapendekezo. Sina ugomvi na mpango wenyewe. Nyumba haina budi kuwa na vyumba. Lakini mtahini akigawa alama zake kwa kuhesabu vyumba, mwanachuo hujifunza kujenga kuta. Hujifunza kuandika tamko la tatizo kabla ya kuonana na tatizo. Hujifunza kuteua nadharia kama mtu ateuavyo kanga dukani, kwa rangi yake. Na katika hitimisho hujifunza kupata alichokuwa amekitabiri, maana mabadiliko ya shauri katikati ya safari hayana chumba chake. Sasa limeongezeka jambo jipya: programu za kompyuta zaweza kutunga sura hizo zote kwa dakika chache, kwa lugha safi. Ikiwa twapima kuta tu, hatutaweza kumtambua aliyekwenda Kilosa na asiyekwenda.

Napendekeza tupime mambo manne. La kwanza ni daftari lenyewe, likiwa na tarehe, mahali, maneno yaliyofutwa na maswali yaliyoulizwa mara mbili. Daftari safi mno lishukiwe. La pili ni matini fupi katika lugha inayochunguzwa, hata kama ni dakika tatu za mazungumzo, pamoja na sauti iliyonaswa, maandishi yake neno kwa neno, na tafsiri ya Kiswahili, ili mtahini aweze kusikiliza na kulinganisha. La tatu ni ukurasa mmoja au mbili ambamo mwanachuo aeleza swali moja alilolibadilisha na sababu ya kulibadilisha. Asiye na swali kama hilo amekuwa mchukuzi wa orodha ya mwalimu wake. La nne ni ushahidi kwamba aliwasomea wasimulizi wake yale aliyoyaandika, kwa lugha wanayoielewa, na kwamba aliyaandika masahihisho yao. Kisha aketi na watahini kwa muda wa robo saa, aulizwe juu ya daftari lake.

Najua upinzani utakaotolewa. Wanachuo ni wengi na wahadhiri ni wachache, na nauli ni ghali. Upinzani huu una uzito, lakini hauvunji hoja. Kusoma daftari la kurasa 30 si kazi kubwa kuliko kusoma sura ya mapitio ambayo mtahini ameisoma mara nyingi kwa maneno yaleyale. Mwanachuo aweza kwenda likizoni karibu na kwao, na kijiji kimoja chatosha. Heri maneno 100 yaliyoulizwa vizuri Kidodi kuliko 1,000 yaliyookotwa njiani. Tena madaftari yenye ushahidi wa kweli yakihifadhiwa chuoni, nakala moja ikabaki Kilosa katika shule au ofisi ya kata, baada ya miaka michache tutakuwa na hazina ambayo mchunguzi wa baadaye aweza kuisoma kwa swali lake mwenyewe, kama wanahistoria walivyozisoma karatasi za 1968.

Jambo hili si la alama peke yake. Wazee wanaokumbuka Chividunda na Chikagulu cha zamani wanapungua kila mwaka, na mara nyingi mtu wa kwanza na wa mwisho kuwauliza atakuwa kijana wa miaka 22 mwenye kalamu na simu ya kunasia sauti. Tukimfundisha kwamba kazi yake ni kuipendeza tasnifu, atatuletea tasnifu. Tukimfundisha kwamba kazi yake ni kuandika neno kama lilivyosemwa, kulitilia shaka, na kulirudisha kwa mwenyewe alisahihishe, atatuletea lugha. Watahini ndio wenye kuamua ni lipi kati ya hayo mawili litakalolipwa.